Fedha za baiskeli na waenda kwa miguu Marekani: jinsi ya kuzuia zisihamishwe

Ndugu, umeuliza kwa nini jimbo linaweza kupeleka fedha za njia za baiskeli na miguu kwenye barabara za magari. Sheria ya miundombinu ya 2021 inalipatia jimbo ruhusa hiyo, kwa sehemu tu ya fungu hilo. Lakini kwanza lithibitishe kwamba lilishindanisha miradi, likasaidia waombaji kitaalamu, na maombi yanayofaa hayakutosha. Hapo ndipo pa kulibana: kila ombi zuri lililokataliwa ni ushahidi wenu, kwa hiyo wekeni nakala na barua ya majibu.

Omba idara ya usafiri ya jimbo jedwali la miaka minne, kwa kuwa fedha hizo huisha muda wake baada ya miaka minne: zilizotengwa, zilizoidhinishwa kwa miradi, zilizohamishwa. Zisizoidhinishwa ndizo zilizo hatarini.

Miji midogo hukwama kwenye mchango, yaani sehemu ya gharama ambayo mji hujilipia, kwa kawaida asilimia 20, tena fedha hurejeshwa baada ya mji kulipa kwanza. Hilo linaniuma, maana mradi mzuri hufa kwa kukosa fedha za kutanguliza. Baraza lipitishe mchango kabla ya kuomba, na hati za ardhi ziwe tayari. Kipande kimoja chenye mgogoro huchelewesha njia nzima.