Kumpunguza nywele mume nyumbani

SWALI: Ndugu mhariri, mume wangu ana nywele za kujiviringa, na kila nikimpunguza nyumbani upande mmoja hutokea mfupi kuliko mwingine. Nifanyeje? Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Dada yetu, usizikate zikiwa zimelowa, kwa sababu unywele wa kujiviringa hurefuka ukiwa na maji na hujikunja ukikauka, hivyo ulichodhani umekata kidogo huonekana kingi. Zioshe, ziache zikauke zenyewe, kisha punguza kiviringo kimoja kimoja kwa mkasi wa kinyozi (ule wa jikoni haufai hata kidogo), ukisogea nyuma mara kwa mara kulinganisha pande zote mbili. Ukitumia mashine, anza na kichana chake kirefu. Kifupi kitumie shingoni na kandoni mwa masikio tu.