Kumuuguza mgonjwa wa Parkinson Lamu, daktari akiwa Nairobi

Wataalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu hapa Kenya wengi wako Nairobi. Kwa mgonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoukakamaza mwili, anayeishi kisiwani Lamu, maana yake ni mashua hadi Mokowe upande wa bara, kisha safari ndefu ya basi, na mwili uliokakamaa ambao hata kushuka ngazi za gati ni shughuli. Baba yangu ana maradhi haya nami ndiye ninayemuuguza. Tangu tuanze kuonana na daktari wake kwa simu ya video, tunasafiri pale tu inapobidi. Lakini wenzangu mnaouguza, simu yenyewe ni kazi ndogo. Kazi kubwa iko kabla ya kupiga.

Parkinson hubadilika saa kwa saa. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuuongoza mwili, hupungua, na dawa inayotumika zaidi, levodopa pamoja na kabidopa, huziba pengo hilo kwa muda tu. Dawa ikikolea, baba hutembea vizuri. Ikikaribia kuisha, miguu hunata sakafuni kama imepakwa gundi. Daktari akimwona katika ile saa nzuri, ataamini mambo ni shwari. Ndiyo maana mimi humrekodi mapema: asubuhi kabla ya dawa ya kwanza, na tena dawa ikishafanya kazi. Vitendo huwa vile vile: kuinuka kitini bila kujishika, kutembea na kugeuka, kugonganisha haraka kidole gumba na cha shahada, kuandika sentensi moja, maana maandishi ya mgonjwa huyu huzidi kuwa madogo. Miguu ionekane yote. Nyumba zetu za mawe zina kiza, kwa hiyo mtoeni nje uani kwenye mwanga. Uso wa Parkinson hauonyeshi hisia kwa urahisi, na gizani daktari hataambulia kitu.

Kisha kuna daftari: saa ya dawa, saa ya chakula, saa ya kukakamaa. Daftari ndilo lililotufunulia kwamba dozi ya mchana haishiki siku anapoinywa pamoja na samaki wengi. Kumbe protini hushindana na levodopa kuingia mwilini! Daktari akatupangia dawa itangulie chakula kwa nusu saa. Andikeni na presha, akiwa amelala na akisimama, kwa sababu ugonjwa na dawa vyote huweza kuishusha ghafla mtu anapoinuka.

Nawasihi pia mumwache mgonjwa ajisemee. Sauti yake imefifia, jibu linachelewa, na sisi wana hukimbilia kumjibia. Choo kigumu, ndoto za usiku, kuona watu wasiokuwepo: haya hatayataja mbele ya wajukuu na wakwe. Watu watoke chumbani.

Daktari wa kwenye simu hawezi kukunja mkono wa mgonjwa apime ukakamavu, wala kumvuta mabega aone kama atajizuia asianguke. Hapo humwomba tabibu wa karibu awe naye wakati wa simu. Na yako yasiyongoja simu kamwe: udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, kuanguka na kupiga kichwa, kupaliwa hadi pumzi kubana, homa pamoja na kukakamaa kupita kawaida. Hospitali mara moja.

Ramadhani iongeleeni na daktari mapema, Rajabu au Shaabani. Kukatisha levodopa ghafla ni hatari. Baba aliambiwa asifunge, na ilimuuma sana, mtu aliyefunga tangu utotoni. Shehe wetu alipokuja kukaa naye na kumkumbusha ruhusa ya mgonjwa, ndipo alipokubali.

La mwisho ni dawa za watu wengine wanaotaka kusaidia. Metoklopramaidi, inayotolewa sana kwa kichefuchefu na kutapika, huzuia dopamini na kuuzidisha ugonjwa huu. Haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, nayo vivyo hivyo. Mimi nimeyaandika majina hayo kwa herufi kubwa juu ya jalada la daftari, na yeyote anayempeleka baba zahanati hulionyesha kabla ya sindano au kidonge chochote kipya.