Kabla hujasema "spishi mpya": kwa mnaoanza kuchungulia matamvua ya samaki

Sokoni wanayaita mashavu. Mama muuza samaki anayafunua akuonyeshe wekundu, uamini kwamba samaki bado mbichi. Sisi tunafunua palepale, ila tunatafuta minyoo wasiofika hata milimita moja, wenye nanga nne (kulabu kubwa) na vikulabu 14 mkiani, walionasa kwenye nyuzi za matamvua. Kwa perege utakutana zaidi na Cichlidogyrus, jenasi aliyoipa jina Paperna mwaka 1960. Kwa kambale utawaona Quadriacanthus.

Mimi nilianza vibaya. Msimu wangu wa kwanza hapa Dodoma nilinunua perege mjini, nikaambiwa ni wa bwawa la Mtera. Kwenye tamvua la pili nikakuta mnyoo nisiyemwona katika mchoro wowote. Nikapima, nikachora, nikaanza na kumtafutia jina kabisa. Wiki mbili baadaye narudi kununua wengine, muuzaji ananiambia bila hofu kwamba siku ile mzigo ulichanganywa, baadhi walitoka kwenye bwawa la mfugaji. Kazi yote ikaishia hapo. Spishi huelezwa pamoja na samaki ilikotolewa na maji alikovuliwa, na mimi sikuwa na uhakika wa kimojawapo. Tena sato wa kufugwa akitorokea mtoni huzaana na perege wa asili, unapata samaki ambaye hata wataalamu wanamtazama mara mbili. Wengi wa minyoo hawa ni wachaguzi wa samaki, kwa hiyo ukikosea jina la samaki umeharibu na la mnyoo.

Kwa hiyo nendeni majini wenyewe, bwawa la Hombolo au la Mtera, mkawakute wavuvi alfajiri. Piga picha kila samaki, kata kipande cha pezi, na ikiwezekana mhifadhi samaki mzima. Usimbebe kwenye ndoo hadi maabara ukidhani utamchana jioni. Kwa jua la Dodoma, samaki aliyekufa tangu asubuhi matamvua yake ni ute mtupu, na minyoo wameshaoza. Kata matamvua kando ya bwawa, matao manne kila upande, yatie kwenye vichupa vya ethanoli ya asilimia 96. Fomalini iacheni kama mnataka kusoma DNA baadaye. Na lebo ya ndani iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ethanoli inaunywa, unabaki na karatasi nyeupe na kichupa kisicho na mwenyewe.

Sehemu inayotofautisha mtu na mtu ni slaidi. Mnyoo anainuliwa kwa sindano nyembamba, anawekwa kwenye tone la maji, kioo chembamba kinashuka juu yake taratibu. Kisha gusa ukingo kwa kipande cha karatasi inayonyonya maji. Kioo kinazidi kukaa chini, na ghafla nanga zinalala bapa, nzuri kama zimechorwa. Ukinyonya kidogo mno, nanga inabaki imeinama, na ikiinama huonekana fupi na yenye pembe ya ajabu. Nusu ya "spishi mpya" nilizoletewa na wanafunzi zilikuwa nanga zilizoinama. (Ukingo wa kioo tunauziba kwa rangi ya kucha. Mwanamume ukinunua chupa tatu zisizo na rangi kwa mpigo, jiandae kuchekwa dukani.)

Msiishie kwenye nanga, maana spishi mbili zinaweza kuwa na nanga zinazokaribiana sana. Angalia kiungo cha uzazi cha kiume, ule mrija mgumu na kipande kinachoambatana nao: urefu, mpindo, ncha. Hapo ndipo Cichlidogyrus wengi wanapoachana. Mimi nikiwa na minyoo wasiofika 20 waliopimwa, silitamki neno "mpya" hata kwa utani.

Mengine ni ya karatasi, lakini yanaangusha. Tangu mwaka 2000, Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inadai uteue waziwazi kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja, holotaipu. Mpeleke kwenye makumbusho yenye utunzaji, sio droo ya ofisi yako. Ukichapisha kwenye jarida la mtandaoni pekee, kazi isajiliwe ZooBank, rejista ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla haijatoka. Jina si lazima liwe la Kilatini. Neno la Kigogo linaruhusiwa kabisa, nami ningependa kuona majina ya aina hiyo kuliko majina ya wageni waliopita. Lako mwenyewe usilitumie. Halikatazwi, ila watu watakucheka miaka yote.

Ninaye mmoja wa kambale wa Hombolo, slaidi mbili tu, mrija wake umejikunja nisivyowahi kuona. Kwenye lebo nimeandika Quadriacanthus sp., yaani spishi ambayo bado sijaijua jina. Mvua zikianza nitarudi kutafuta wenzake.