Mpe jina la bibi yako

Mdogo wangu, umeuliza kama umwite binti yako Tusekile, jina la bibi yako, wakati mawifi wanataka jina "la kisasa". Mpe. Ni jina la Kinyakyusa; Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya, hakuna atakayeshtuka, na hata akienda kusoma Dar, watu wanaita Ambakisye na Tusajigwe kila siku na ndimi hazijakatika. Mimi nahofia zaidi haya majina mnayounga silabi za baba na mama. Mtoto atayataja herufi moja moja maisha yake yote.

La kukazania ni tahajia. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa serikali, cha walio chini ya miaka 5 (mpango uliozinduliwa hapo hapo Mbeya mwaka 2013) hujazwa kwa mkono, zahanati au ofisi ya kata. Anayejaza akiwa na mazoea ya kuchanganya l na r, utaondoka na Tusekire, na tofauti hiyo itamsumbua baadaye shuleni na NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umkabidhi, kisha usome cheti kabla hujatoka. Kadi ya kliniki nayo ifanane. Mawifi wachague jina la pili, tena fupi.