Maswali na Majibu: Nicheze Bao na Nani?

Barua kadhaa zilizonifikia mwezi huu, kutoka Unguja na Pemba, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mchezaji wa bao amchague vipi mtu wa kukaa naye. Nimezijibu nne.

Kwa miaka mitatu nawafunga wote barazani petu. Nilipokwenda Mjini nilifungwa mara mbili mfululizo, kete zingali mkononi. Nimekosea wapi? (Kijana, Wete)

Mdogo wangu, sidhani kwamba umekosa akili ya mchezo. Ulichokosa ni mpinzani. Mtu akicheza miaka mitatu na watu walewale anaowashinda, hujifunza makosa yao badala ya kujifunza bao, na siku anapokutana na mtu asiyefanya makosa hayo hujikuta hana la kufanya.

Nitakueleza yaliyonipata nilipokuwa na umri kama wako. Nilikaa na fundi mmoja wa Makunduchi, nikiwa na kete 14 katika nyumba yangu, lile shimo maalumu la kulimbikiza kete, nami nikizilinda kama mtu alindaye akiba, nikisubiri siku ya kusafiri nazo, yaani kuzisambaza zote. Shimo lake lililokabili nyumba lilikuwa tupu, na kwa kuwa hakuna anayenamua, yaani kutia kete ya mkononi ili ale kete za shimo linalokabili, katika shimo tupu, nilijiona niko salama. Akala upande wa kushoto, akasambaza kete kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu, na moja ikaangukia katika shimo lile. Nilipaswa kuila papo hapo. Nikaona ni moja tu, nikaenda kula shimo nono la kulia. Basi akatia kete moja juu ya ile, akazikomba zote 14, na mchezo ukaishia hapo.

Kilichonifaa si kufungwa. Alipomaliza hakuinuka, bali alizirudisha kete kama zilivyokuwa zamu mbili nyuma, shimo kwa shimo bila kusita, akaniambia: «Cheza tena.» Mpinzani wa namna hiyo ndiye wa kutafutwa: anayekuzidi kwa kiasi ambacho bado unaweza kuona alichokifanya, na aliye tayari kurudi nyuma pamoja nawe. Anayekuzidi mno atakufunga kabla hujamaliza kunamua zile kete 22 za mkononi, nawe utaondoka ukijua tu kwamba umefungwa.

Rafiki zangu hucheza poka ya fedha mtandaoni, nao husema siri yote ni kutafuta meza yenye wachezaji dhaifu na kumkimbia hodari. Je, kanuni hiyo haifai katika bao? (Mwanafunzi, Mjini Magharibi)

Katika mchezo wao hesabu hiyo ina mantiki, na ni vyema uifahamu inavyokwenda. Fedha anayopata mmoja mezani ni ile aliyopoteza mwingine, na mwenye meza naye hujikatia sehemu yake. Kwa hiyo wachezaji wawili walio sawa, wakikaa muda mrefu, wote wawili hupoteza, na anayetaka faida hana budi kumpata mtu aliye dhaifu kuliko yeye kwa kiwango kinachozidi makato hayo. Ndiyo maana mchezo ule humlazimisha hodari amwinde asiyejua. Mimi naona hilo ni jambo la kuhuzunisha, mbali na kwamba kamari tumekatazwa waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90.

Bao halina makato. Kete ni 64 mwanzo hadi mwisho, na ukishindwa huondoki na deni la mtu, bali unaondoka na zamu moja ya kuitafakari usiku. Hapo hodari anageuka kuwa wa kumkimbilia. Nakuomba sana, usiiingize fedha katika bao hata kwa mzaha, kwa sababu siku utakapoweka shilingi utaanza kuchagua wapinzani kama rafiki zako, na maendeleo yako yatasimama.

Je, programu ya simu yaweza kuwa mpinzani? Nahitaji pia mtu wa kucheza na mjukuu wangu wa miaka tisa. (Bibi, Chake Chake)

Bibi yangu, shikamoo. Simu yafaa kwa mazoezi, ila huzisambaza kete yenyewe, na mtoto anayetazama tu hatajua kukadiria kwa mkono na jicho kete zitafika wapi. Hakikisha pia kwamba sheria zake za nyumba na za kutakasa (kucheza bila kula) ni zile mnazozifuata nyumbani. Kwa mjukuu, mpinzani bora ni wewe mwenyewe, kwa bao la kujifunza, kete mbili katika kila shimo. Mwache azihesabu kwa sauti.

Kuna mzee fundi karibu na ninapoishi. Naogopa kumwomba tucheze. (Mvuvi, Nungwi)

Usianze kwa kuomba. Kaa barazani siku kadhaa ukitazama, na ujizuie kabisa kumwelekeza anayecheza, kwa kuwa mafundi wengi hawamtaki mtazamaji mwenye mdomo. Jichagulie upande mmoja, na kabla mzee hajagusa kete amua moyoni mwako wewe ungecheza shimo gani. Ukiona unapatia mara kwa mara, umeshakaribia kiwango cha kukaa naye. Ukiona hupatii hata mara moja, tafuta kwanza yule anayefungwa naye kila siku, maana huyo ndiye wa kiwango chako kwa sasa, na mara nyingi atafurahi kumpata mtu.

Siku mzee atakapokupisha nafasi, msalimie kwa heshima, kaa, ucheze bila kuharakisha na bila kujitetea. Ukifungwa, mshukuru, kisha kabla kete hazijapangwa upya mwulize zamu moja tu, ile iliyokutia shaka, umpishe anayesubiri.