Ajira za ushauri nasaha zipo, lakini mara nyingi hutangazwa kwa majina mengine

Kila baada ya muda mfupi mimi hupokea ujumbe kutoka kwa mtu anayekaribia kuhitimu masomo ya ushauri nasaha, na swali huwa lilelile: je, nitapata kazi? Zamani nilikuwa nikijibu bila kusita kwamba kazi zipo tele, kwa sababu nilikuwa nikichanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani uhitaji wa watu na ajira yenye mshahara.

Uhitaji hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga la UVIKO-19 sonona na matatizo ya wasiwasi yaliongezeka kwa takriban asilimia 25. Anayesoma takwimu hizo hudhani waajiri wanamngoja mlangoni. Hata hivyo, mwenye shida kubwa mara nyingi ndiye asiyeweza kulipia kikao, na anayelipa kwa niaba yake, iwe ni serikali, mwajiri, bima au shirika la misaada, ndiye anayeamua nafasi ngapi zifunguliwe. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kazi ziko wapi, uliza kwanza ni nani anayelipia huduma hii.

Mimi nilichelewa kuliona hilo. Kwa karibu mwaka mzima nilitafuta matangazo yenye maneno “mshauri nasaha” nikaambulia machache sana, ilhali nafasi nilizozistahili zilikuwa zikipita mbele ya macho yangu kwa majina ya ofisa ustawi wa wanafunzi, mhudumu wa msaada wa kisaikolojia na kijamii, au msimamizi wa mashauri katika kituo cha waathirika wa ukatili. Nyumba za kutibu uraibu, kliniki za watu wanaoishi na VVU, wodi za saratani, magereza na idara za rasilimali watu katika kampuni kubwa zote huhitaji mtu wa kazi hii. Soma majukumu yaliyoorodheshwa chini ya tangazo, si kichwa chake.

Katika usaili wangu wa kwanza uliofanikiwa sikuulizwa hata swali moja la nadharia, ingawa nilikuwa nimekesha nikipitia masharti sita ya kumwezesha mteja kubadilika, ambayo mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliyaeleza mwaka 1957. Mmoja wa wasaili aliniambia, “Mteja ameingia, amekaa, na dakika kumi zimepita bila yeye kusema neno. Unafanya nini?” Nilimsimulia kijana niliyekaa naye wakati wa mafunzo kwa vitendo, ambaye kikao kizima alikuwa akikunjua na kukunja risiti, na jinsi msimamizi wangu alivyonikemea baadaye kwa kuukata ukimya ule kwa maswali. Nadhani kazi niliipata kwa kukiri kosa hilo. Ndiyo maana nasisitiza saa za vikao vilivyosimamiwa: ziandike katika daftari tangu siku ya kwanza, pamoja na tarehe na sahihi ya msimamizi, kwani bodi nyingi za usajili hudai uthibitisho huo, na kumtafuta msimamizi aliyekwisha kuhama ni adhabu.

Wapo wanaohofia kwamba wahudumu wa kijamii waliopewa mafunzo mafupi watawanyang'anya wataalamu riziki yao. Hutolewa mfano wa Friendship Bench, mpango ulioanzishwa Zimbabwe na daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006, ambamo akina bibi waliofundishwa huketi kwenye benchi na watu wenye msongo wa mawazo na kuwasaidia kutatua matatizo yao. Mimi naiona hofu hiyo imekaa upande usio wake. Wahudumu wa namna hiyo huhitaji mtu wa kuwafundisha, kuwasimamia na kupokea rufaa za wale ambao hali zao zimezidi uwezo wa benchi, na hizo ni kazi za mtaalamu.

Kuhusu kufungua ofisi binafsi mara tu baada ya kuhitimu, ushauri wangu ni mfupi: usifanye hivyo. Nilikodi chumba, nikanunua viti viwili, saa ya ukutani na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na mwezi wa kwanza nikapata wateja watatu, mmoja wao akiwa amekosea mlango. Tangazo nililolipia halikumleta hata mmoja. Aliyenipatia wateja ni muuguzi wa kliniki ya jirani, baada ya mimi kumwandikia barua fupi ya kumshukuru kwa rufaa moja na kumjulisha, kwa ridhaa ya mteja na bila kufichua yaliyozungumzwa, kwamba mgonjwa wake amefika na anaendelea na vikao. Alisema kwa miaka yote aliyokuwa akielekeza watu kwa washauri, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa majibu, na wiki iliyofuata alinitumia wengine wawili.