Likizo zangu zilikuwa Lushoto, ndani ya sanduku la mjomba

Wiki hii mmeuliza likizo gani ya utotoni ilikuwa tamu kuliko zote. Mi sina haja ya kufikiria, ni zile za mwezi wa sita tulizokuwa tunapelekwa Lushoto kwa bibi, na utamu wenyewe ulikuwa vitabu tu.

Ukishamaliza zile kona za kupanda kutoka Mombo unaingia kwenye baridi, na mwezi wa sita ukungu unaweza ukakaa asubuhi nzima hata nyumba ya jirani huioni, sasa mtoto wa Dar na baridi ile atafanya nini zaidi ya kujikunyata jikoni karibu na mafiga? Mjomba alikuwa mwalimu, vitabu vyake vyote viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ukilifungua harufu ya dawa ya mende inakuvaa usoni, alafu anakwambia chagua unachotaka ila usichane.

Humo ndo nilikutana na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja na kiko chake, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka 1960. Nakala ya mjomba kurasa za mwisho hazipo! Yani tumesoma kwa zamu mimi na binamu zangu tumefika pale penyewe, kitabu kimeisha. Basi kila mtu akawa na muuaji wake, tunabishana hadi shambani, siku moja bibi kasikia neno "kauliwa" akatupa jembe, kauliwa nani tena jamani? Muuaji wa kweli nilikuja kumjua baadaye sana Dar, kwenye Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa 1967, nikasoma kurasa zile za mwisho nimesimama palepale kwenye shelfu.

Alafu Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile riwaya ya Rider Haggard ya watu wanaosaka almasi. Pale wanapofungiwa na lile jiwe kwenye chumba cha almasi, taa yao inafifia inazimika, na mimi huku kibatari mafuta yanakata, moshi mweusi unapanda, bibi anaita toka chumbani wewe lala, nami nasogeza ukurasa karibu na utambi niibe mistari miwili mitatu. Hofu niliyoipata usiku ule sijawahi kuipata kwenye sinema yoyote.

Na kitu kilichofanya iwe raha hivyo ni kwamba hakuna aliyetuuliza kitu. Shuleni kitabu ni taja wahusika, eleza dhamira, maksi kumi. Kule ukichoka unaacha, ukipenda unarudia sura moja hadi uijue kwa moyo, hakuna wa kukusahihisha. Ndo maana naumia nikiona likizo zinafika watoto wa mtaani kwetu asubuhi na mabegi wanaenda tuisheni, mwezi mzima, mtoto wa darasa la nne! Wangu nimewakatalia kabisa, wanabaki nyumbani na vitabu na wakitaka kulala na kitabu usoni mchana walale.

Vitabu vyote vya kwenye sanduku la mjomba mchwa walivimaliza. Kama kuna msomaji anajua panapouzwa nakala ya zamani ya Mashimo, hata kama jalada limechanika, tafadhali aandike hapahapa kwenye ukurasa wa wasomaji, mi nanunua.